Bella Asimame Wapi Kwenye Picha

Sehemu ya sita

Ninyi mlioanza nami mnajua Gélase alinivunja mfupa wa bega nikiwa bado nanyonyesha, kisha akavuka mpaka kwenda Uvira akaniacha na Bella kwenye chumba cha kupanga hapa Cibitoke. Mnajua pia jinsi nilivyorudi shule, masomo ya jioni, na jinsi Akilimali muuza vitenge alivyoketi dawati moja nami mpaka akanichumbia, akijua wazi kwamba nina mtoto. Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza hayo yanamtosha. Mimi ni Benite.

Mara iliyopita niliwaacha kwenye studio ya picha ya mzee Dieudonné, kule Rohero, Patricia dada yake Akilimali akiwa ameinua mkono juu ya kichwa changu.

Mkono ule ulishuka.

Kofi la Patricia lilinikuta sikioni. Kidole chake kikanasa kwenye hereni, akavuta, na hereni ikatoka na nyama yake. Damu ilidondokea albamu ya watu iliyokuwa wazi mezani.

Kosa langu lilikuwa swali. Nilimuuliza mzee: kwenye picha ya familia, Bella atasimama wapi?

"Hasimami," Patricia akajibu kwa niaba yake. "Mutoto wa mbele ya ndoa haingiake mu picha. Kwenu hawakukufundisha hata ile?"

Nilijua anachosema. Hakuna padri wala mchungaji anayelitangaza jambo hili, lakini ukoo wa Akilimali wote unalifuata, na koo nyingine nyingi hapa mjini. Mtoto aliyetangulia ndoa hufichwa siku ya ndoa. Picha zitatundikwa sebuleni, wageni wataziangalia, na mama mkwe hataki kuulizwa yule aliyeshika gauni la bibi arusi ni wa nani.

Kwa hiyo huku kwetu mpiga picha hachaguliwi kwa ajili ya kamera yake. Anachaguliwa kwa ajili ya watu atakaokubali kuwaacha nje.

Mzee Dieudonné alinipa kitambaa chake cha kufutia lenzi nizuie damu. Ni mtu mpole, sauti yake haipandi. Alinieleza kwamba kabla ya kila harusi hukaa na dada wa bwana arusi, akaonyeshwa nani asionekane, na kwamba hajawahi kumwaibisha mtu. Akafungua albamu nyingine, akaweka kidole kwenye meza ya keki. Kitambaa cha meza kilifika chini kabisa.

"Kijana wa bibi arusi alikuwa mule chini," akasema. "Akalala. Hakusumbua mutu."

Alisema kama fundi anayekuonyesha mshono usioonekana. Mimi nilimwangalia yule bibi arusi. Alikuwa anacheka mpaka magego yanaonekana.

Nikasema mzee huyu simtaki.

Patricia alinishika nywele akanibamiza kwenye pazia la studio, lile lenye maporomoko ya maji, likaniangukia pamoja na chuma chake. Nilipojitoa chini ya maporomoko mkononi nilikuwa na mguu wa kamera. Nikampiga nao kwenye mfupa wa goti, mara moja, kwa nguvu zangu zote. Mzee Dieudonné alikimbia kuokoa kamera kwanza, halafu ndiyo akatutenganisha.

Nilitoka pale nikichuruzika damu, nikaenda moja kwa moja Kamenge.

Karibu na hospitali kubwa, pale wanafunzi wanapopigia picha za vitambulisho, kuna kibanda cha Jimmy. Nilikuwa nimemsikia tu. Siku iliyofuata nikampeleka Bella, maana nilitaka yeye ndiye achague.

Bella wangu anaogopa wanaume. Mwanaume akiinua mkono ajikune tu, yeye anaingia chini ya kiti. Jimmy hakumwita wala hakumpa pipi. Alikaa sakafuni, akamwekea kamera mapajani, akamwambia anipige mimi picha kwanza. Bella akabonyeza. Ikatoka picha ya kiatu cha kushoto cha Jimmy, na yeye akaichapa papo hapo, akaibandika ukutani katikati ya picha zake nzuri.

Nilimweleza habari ya meza ya keki. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Mi ile kazi sijuake, mama Bella," akasema. "Sijafundishwa kuficha mutoto. Kama ni hiyo munatafuta, rudini ku mzee."

Tukamchagua.

Niliogopa Akilimali atasema nini, lakini hakusema neno baya. Aligombana na dada yake kwenye simu mbele yangu, akanitetea, kisha akanigeukia akasema nichague ninayemtaka, kwa kuwa uso wangu ndio utakaokaa ukutani miaka yote. Usiku ule nilimwombea kwa jina, na machozi yakanitoka kwa furaha.

Jumamosi tulikwenda ziwani na Jimmy kujaribu. Upepo ulikuwa mzuri. Akilimali alimnyanyua Bella akamkalisha mabegani, na mtoto, kwa mara ya kwanza nimwone hivyo, akamshika mwanaume masikio akacheka. Jimmy akapiga.

Wapiga picha wa siku hizi hutangaza kazi yao kwenye statusi za simu. Jimmy naye aliiweka picha ile, na chini yake akaandika siku ya harusi na jina la kanisa, na kwamba familia nzuri inakuja. Nikaionyesha karakana nzima ya ushonaji ninakofanya kazi. Wenzangu walisema Bella amefanana na Akilimali. Si kweli, lakini nilipenda walivyosema.

Jumanne mchana nilikwenda kuchukua picha zilizochapwa.

Mlango wa bati wa kibanda ulikuwa umeshushwa, haukufungwa. Niliuinua, nikakanyaga kioo. Lenzi. Kamera ilikuwa imepondwa kwa jiwe mpaka imekuwa bapa. Picha za ukutani zilikuwa zimechanwa, hata ile ya kiatu.

Jimmy alikuwa nyuma, amelala ubavu, amefunikwa kichwa na shuka lake jeupe la kupigia picha za vitambulisho. Shuka halikuwa jeupe tena. Nililifunua nikaona taya limehama upande. Meno ya mbele hayakuwepo, na jicho moja lilikuwa limefungwa na uvimbe. Alinishika sketi asiachie. Nilipiga kelele, wanafunzi wakaja wakang'oa ubao wa kaunta, wakambeba juu yake mpaka hospitali, mimi nikikimbia pembeni nimemshikilia kichwa kisitikisike.

Walimfunga taya kwa waya. Kuongea hakuweza. Niliweka kiganja changu chini ya mkono wake, akaandika juu yake kwa kidole, herufi baada ya herufi, nami nikizisoma kwa sauti naye akikubali kwa jicho. Alifunikwa kutoka nyuma. Hakumwona aliyempiga. Mtu yule alipomziba mdomo, Jimmy alimuuma mkono, kwa nguvu, kabla hajang'olewa meno.

Sikuhitaji jina. Katika maisha yangu mwanaume anayepiga namna ile nilimjua mmoja tu.

Naye alikuja mwenyewe, kesho yake, asubuhi, karakanani.

Cherehani zilinyamaza moja moja. Gélase alisimama mlangoni, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Hakunisalimia.

"Nimekuja kwa mutoto," akasema. "Nimemuona ku simu ya mutu, anapanda bwana mwingine mabega. Mutoto wangu mi."

Nikamwambia aende polisi na maneno hayo, awaeleze na habari ya bega langu, na ya mpiga picha aliyemharibu jana.

Alinyanyua nyusi. "Mupiga picha gani? Mi natoka Uvira sasa hivi."

Nikasema ni mwongo, kama alivyokuwa siku zote. Akaruka meza. Alinikamata shingo kwa mikono miwili akanisukuma kwenye cherehani, mgongo ukagonga gurudumu, hewa ikakata. Nilisikia wenzangu wakipiga kelele kwa mbali, kama wako nyumba nyingine. Mkono wangu ukatambaa mezani ukakuta mkasi wa kukatia nguo nzito. Nikamchoma nao mkono wa kulia, katikati, ukatokea upande wa pili.

Aliachia. Alitoka mbio, wanawake wa karakana wakimfuata na chuma cha pasi na mbao za kupimia. Ukutani na sakafuni kulikuwa damu tupu. Mtu angeniuliza siku ile kama niliona alama ya meno kwenye mkono wa Gélase, ningesema mkono ule ulikuwa damu wote, na damu yenyewe niliitoa mimi.

Akilimali alikuwa safarini kuchukua mzigo wa vitenge. Tangu Jumanne asubuhi tulikuwa tunaongea kwa simu tu. Nilimsimulia yote. Akaniambia nisiogope, atarudi kabla ya harusi na mwanaume yule hatanigusa tena. Kisha akasema, kwa upole wake ule, kwamba Jimmy hawezi kusimama, na harusi haiwezi kukosa picha, kwa hiyo tumchukue tu mzee Dieudonné.

Nikamuuliza: na Bella?

"Nimeongea na mzee. Bella atakuwa mu picha. Niamini, chérie."

Nikaamini. Nilikuwa nimechoka kutoamini watu.

Asubuhi ya harusi Patricia alikuja mwenyewe, akichechemea. Aliniletea hereni mpya, akaomba msamaha mbele ya wanawake wote walionivalisha, akanifunika kovu la sikio kwa shela kwa mikono yake. Alimletea Bella gauni jeupe lenye mkanda wa pinki. Bella hakutaka kutembea ndani yake, alisimama katikati ya chumba mikono imeinuka, anaogopa kulichafua. Patricia akasema watoto wote watapanda gari la pili, lile lililofungwa utepe mweupe. Bella akalia, akataka gari langu. Nilimbusu nikamwambia tutaonana kanisani, asimame vizuri, babu mwenye kamera atampiga picha.

Maneno hayo nilimwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kanisani Akilimali alikuwa amependeza, suti ya kijivu, glavu nyeupe. Alivua ya kushoto peke yake nimvike pete. Nilisema ndiyo. Alisema ndiyo, sauti ikatetemeka, na watu wakaguna kwa huruma. Kila nilipojaribu kugeuka kumtafuta Bella kwenye mabenchi, shela lilinizuia na Patricia akanirekebisha kichwa.

Kutoka pale msafara ulielekea ziwani, ufukwe ulio kando ya barabara ya Uvira, ambako maharusi hupiga picha kabla ya kwenda ukumbini. Njiani nilimuulizia mtoto. Akilimali akasema amelala gari la nyuma.

Mzee Dieudonné alitupanga majini, mchangani, chini ya minazi. Akapanga familia. Nikauliza tena. Patricia akasema aachwe amalize usingizi, tutarudia picha akiamka. Mzee aliangalia kamera yake.

Halafu akasema sasa mikono. Picha ya mikono hakuna harusi inayokosa: mkono juu ya mkono, pete zote mbili zionekane. Akatuomba tuvue glavu zote.

Akilimali akasema hii ya kushoto inatosha. Mzee, ambaye kazi yake anaijua na hapendi kuifanya nusu, akamwambia mikono minne, bwana arusi, ndivyo inavyopigwa. Na akamvua ile ya kulia mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole.

Chini ya kidole gumba kulikuwa na nusu duara ya madonda meusi, yamepangana kama shanga. Nililifahamu duara lile. Nililiona tupu, bila meno, kwenye mdomo wa Jimmy.

Nikainua macho. Akilimali alikuwa ananitazama, na tabasamu lake halikuondoka.

"Nilimuambia ku simu afute ile picha," akasema polepole, kwa sauti ya kitandani. "Akanicheka. Batu ba soko wananiuliza mutoto ni ya nani, mi nitajibu nini? We unajua aibu, Benite?"

"Bella iko wapi?"

Alifunga vidole vyake juu ya vyangu, akabana. Pete ikaingia kwenye nyama. Nilisikia mfupa ukilia.

"Vizuri sana," mzee akasema nyuma ya kamera. "Mubaki vile vile."

"Iko na baba yake," Akilimali akasema. "Mi mwenyewe nilimuita. Wanavuka leo. Tutazaa wengine, chérie, wa kwetu. Cheka kidogo, mzee anangojea."

Mzee akaniomba nilaze kichwa kwa bwana arusi. Nikakilaza. Nilishuka na kichwa mpaka kwenye mkono ule, nikauma palepale, juu ya meno ya Jimmy, nikafunga taya mpaka nikasikia ladha ya chumvi na kitu kikakatika.

Alipiga ukelele ambao wavuvi waliusikia. Ngumi ya mkono mwingine ilinipata kwenye shavu, nikaanguka majini, gauni likanywa maji likawa zito. Goti lake likanikandamiza kifua. Alinizamisha, nikaona mwanga wa juu unakatikakatika, nikamshika tai nikamvuta naye akaja chini, kichwa chake kikagonga jiwe. Akalegea kidogo tu. Kidogo kile kilinitosha.

Patricia alinidaka shela. Nikaliacha mkononi mwake, pamoja na pini na nywele.

"Aliniapia hatakupiga we," alikuwa analia. "Aliniapia, Benite, alisema ni mutoto tu aende."

Mzee Dieudonné alikuwa amesimama kamera kifuani, hapigi tena. Nilipompita alinyosha kidole kuelekea barabarani.

Ndipo nilipotazama magari. La kwetu lipo. La wazee lipo. Lile la utepe mweupe halikuwepo. Walikuwa wamengoja mpaka nimalize kusema ndiyo, na sasa kutoka mjini kwenda mpakani barabara ni ile moja, na inapita hapo hapo.

Nilikimbia peku, nimekusanya gauni kwapani, ladha ya damu ya mume wangu bado mdomoni. Wauza samaki waliokaa kando ya lami wakanipisha. Mmoja akasema, bibi arusi ameshindwa mapema hivi, na wengine wakacheka, kisha wakaniona uso wakanyamaza.

Lori likapita. Basi dogo likapita, abiria wakageuza shingo. Halafu, kwa mbali, upande wa mjini, nikauona utepe unapepea.

Lilikuja kwa kasi, katikati ya njia. Mbele, kando ya dereva, alikaa Gélase, mkono wake uliofungwa bendeji umetoka dirishani. Nyuma kulikuwa na kitu cheupe. Kikasogea kwenye kioo, kikawa uso, kikawa viganja viwili vidogo vilivyobandikwa kwenye kioo. Alikuwa ameniona. Mdomo wake ulikuwa wazi, nami sikusikia sauti.

Nikaingia katikati ya lami.

Nyuma yangu Akilimali alikuwa anapanda kutoka ufukweni, naye nilimsikia. Aliniita mke wangu, kwa mara ya kwanza, akaniambia nitoke njiani. Hatua zake zilikuwa karibu. Mbele yangu Gélase alimgeukia dereva akampiga kwenye bega, akimwonyesha pembeni pa kupitia, na dereva hakupunguza mwendo.

Gauni lile lilikuwa pana, nilishona mwenyewe. Nikalishika kila upande nikalitandaza, nizibe njia kadiri nilivyoweza, nikamkazia macho dereva.